Nimekata abonema, lakini Leopards sijawaacha



Tangu Novemba 2025 naulizwa swali moja karibu kila wiki: "Weye si ulikata abonema ya televizyo? Sasa mechi ya Leopards na Nigeria uliionea wapi?" Leo najibu kwa wote mara moja, juu naona tuko wengi wenye shida ile ile. Tumemaliza masomo, kazi ni ya leo iko kesho haiko, lakini dekoda inadai pesa kila mwezi kama mwenye nyumba.

Nianze na usiku ulionifungua macho. Tarehe 7 Februari 2024, ku Abidjan, Leopards walicheza nusu fainali ya CAN na Côte d'Ivoire. Wakati wa wimbo wa taifa, wachezaji wetu walifunika mdomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine wakaweka vidole viwili ku kichwa kama bunduki. Walikuwa wanaambia dunia kwamba huku mashariki watu wanauawa na wengine wananyamaza. Walikuwa wanasema juu yetu sisi. Na mimi, mtu wa Bunia, sikuona. Abonema yangu iliisha siku mbili mbele, na mfuko ulikuwa mtupu. Nililipa miezi karibu yote ya mwaka, nikakosa saa moja niliyohitaji. Ile picha niliiona kesho yake asubuhi ku telefone ya jirani.

Nilirudi kulipa, lakini lile jambo halikunitoka moyoni. Basi katikati ya 2025 nikafanya kile tulichofundishwa ku agronomia: usiseme shamba linazaa, pima. Nikachukua daftari, na miezi mitatu nikaandika kila mechi niliyoangalia tangu mwanzo mpaka mwisho. Mechi 11. Nilikuwa nalipa karibu dola 20 kwa mwezi, basi dola 60 kwa mechi 11. Kila mechi ilinigharimu dola 5 na nusu! Saa zingine zote, dekoda ilikuwa inaonyesha filamu nilizokwisha kuona, ao mechi za timu ambazo hata sijui kocha wao ni nani.

Unalipa nini kweli?

Wengi tunafikiri tunalipa televizyo. Tunacholipa ni haki ya kuonyesha mechi. CAF, FIFA na ligi za Ulaya zinauza haki hizo kwa muda, na anayenunua leo anaweza kuzikosa kesho. Kombe la Dunia la 2022, haki za nchi za Afrika zinazosema Kifaransa zilichukuliwa na New World TV ya Togo. Mtu aliyekuwa amefunga dekoda ya kampuni nyingine aliweza kujikuta anatafuta njia ingine. Na Septemba 2025, Canal+ ilimaliza kununua MultiChoice, wenye DStv. Wenye mali wanabadilika, haki zinahama, na abonema yako haihami pamoja nazo.

Si sisi peke yetu. Marekani watu wanapenda sana michezo ya vyuo vikuu. Dikembe Mutombo wetu, mtoto wa Kinshasa, alianzia huko, ku timu ya Georgetown, mbele ya kuingia NBA 1991. Wamarekani wengi wamekata televizyo ya waya wakisema sasa wataangalia kwa intaneti kwa bei ndogo. Wakakuta mechi zimegawanywa: kundi la vyuo la SEC liko kwa ABC na ESPN, na Big Ten imegawanya zake kati ya FOX, CBS na NBC. Aliyetaka kila kitu akajikuta analipa huku na huku, wakati mwingine kufikia bei ile ile ya zamani. Waliofaulu ni wale waliojiuliza kwanza: mimi naangalia timu gani, na mwezi gani?

Hapo ndipo siri iko. Usitafute kitu kimoja cha kubadilisha dekoda. Hesabu mechi zako, kisha tafutia kila mechi njia yake. Mimi niko na njia nne.

1. Radio

Usicheke. Desemba 2010, TP Mazembe walipiga Internacional ya Brazili 2-0 ku Abu Dhabi, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la klabu. Mimi nilikuwa mtoto, tulikuwa tumezunguka radio ya baba. Kabangu alipofunga, na kisha Kaluyituka, hakuna aliyelalamika kwamba hakuna picha. Kidiaba akirukaruka kwa matako nilikuja kumwona siku nyingine, lakini furaha ilikuwa imekwisha kuingia nyumbani.

Radio inakula umeme chini ya wati 1, haiombi mega, na FM haichelewi sana. Mechi ya Kongo na Kamerun, tarehe 13 Novemba 2025 ku Rabat, niliifuata ku radio. Mbemba alifunga dakika za nyongeza, na kartie nzima ikalia kwa sauti moja. Uliza mbele ni radio gani ya hapa itatangaza mechi, juu si kila mechi inatangazwa.

2. Chaneli zisizofungwa

Kuna chaneli zinazoingia bure, kwa antene ya kawaida ao kwa parabole na dekoda isiyo na kadi. Lakini jihadhari na jambo moja ambalo muuzaji wa dekoda hatakuambia. Chaneli ya taifa inaweza kuwa na haki ya kuonyesha mechi ndani ya inchi yake tu. Satelite yenyewe haijui mpaka: inamwaga picha juu ya inchi nyingi. Kwa hiyo mara mingi, chaneli inayoonekana bure siku zote inafungwa ao inaweka picha ingine kwa zile dakika 90. Mbele ya kutoa pesa, nenda kwa jirani mwenye kifaa kile kile, siku ya mechi, uone kwa macho yako.

3. Telefone

Hapa hesabu ni rahisi. Video ya ubora wa kati inayokwenda kwa megabiti 1 kwa sekunde inakula karibu mega 450 kwa saa. Mechi pamoja na mapumziko ni saa mbili, basi mega 900. Ukiacha telefone ijichagulie ubora wenyewe, inaweza kula mara mbili ao tatu. Weka ubora chini kwa mkono wako mwenyewe, na zima programu zingine. Sauti peke yake, kwa kilobiti 64, inakula chini ya mega 30 kwa saa. Mtandao ukiwa mubaya, sikiliza tu.

Na kuna mechi za bure za halali kuliko tunavyofikiri. Kombe la Dunia la klabu la 2025 ku Marekani, DAZN walionyesha mechi zote 63 bila malipo. FIFA nao wako na FIFA+ tangu 2022. Kila mashindano yakikaribia, angalia kwanza ku ukurasa wa wenye mashindano.

Lakini zile linki zinazotupwa ku Facebook nusu saa mbele ya mechi, ziache. Rafiki yangu mmoja alibonyeza, ikamwomba nambari ya siri, akaandika. Mechi hakuona, na akaunti yake ikaanza kuomba watu pesa. Tena ni wizi. Sisi wenye diplome tunaolaumu wakubwa kila siku, tuanze na mikono yetu.

Jambo la mwisho juu ya telefone: picha ya intaneti inachelewa, mara nyingine nusu dakika ao zaidi. Jirani mwenye parabole atapiga kelele mbele yako. Vumilia tu.

4. Kuangalia pamoja

Mechi na Nigeria, tarehe 16 Novemba, niliiona ku banda la video la kartie kwa franga 1.000. Ilikuwa 1-1, ikaenda mpaka penalti, tukashinda 4-3. Watu wasiojuana walikumbatiana. Raha ile hakuna dekoda inayouza.

Lakini tuseme ukweli: tuko Bunia. Tangu Mei 2021 Ituri iko chini ya hali ya kuzingirwa, na kutembea usiku si mchezo. Jifunze saa. Saa ya Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo mechi wanayosema kule ni ya saa tatu usiku, kwetu ni saa nne. Na mechi za klabu za Ulaya zinazoanza saa tatu usiku ya Paris, wakati wa baridi yao kwetu ni saa nne, zinamalizika karibu saa sita. Tangu mwisho wa Machi mpaka mwisho wa Oktoba saa yao inalingana na yetu. Kama banda liko mbali, ao njia si nzuri, baki nyumbani na radio. Goli halifai maisha ya mtu.

Kwa CAN tulifanya namna ingine. CAN ya Maroko ilianza tarehe 21 Desemba 2025, ikamalizika tarehe 18 Januari 2026. Hesabu: ni siku 29. Abonema ya siku 30, ukiifungua siku ya kwanza yenyewe, inafunika mashindano yote. Tulikuwa vijana watano, kila mmoja akatoa dola 4, tukafungua dekoda moja kwa mwezi mmoja, ku nyumba ya mmoja wetu. Mechi ya usiku, tunalala pale pale. Mwezi ulipoisha, tuliiacha ijifunge yenyewe. Na hatukulipisha mtu kuingia, juu abonema ya nyumbani si ya biashara.

Na umeme?

Umeme wetu munaujua. Tulitumia sola. Televizyo ndogo ya volti 12 inakula karibu wati 30, dekoda karibu wati 12. Jumla 42, kwa saa mbili ni wati-saa 84. Batri ya volti 12 na ampea-saa 50 inabeba wati-saa 600. Usiimalize: ukitumia nusu tu inaishi miaka mingi. Nusu ni 300, inatosha mechi tatu. Ukiwa na televizyo ya volti 220, kile chombo cha kubadilisha umeme nacho kinakula sehemu yake, hata wakati hakuna mechi. Kama unanunua televizyo mpya, tafuta ya volti 12.

Matokeo ya daftari

Toka Novemba 2025 mpaka Januari 2026: mechi 4 ku radio, 3 ku banda la video, 2 ku telefone, na 12 za CAN kwa wale vijana. Jumla 21. Pesa: franga 3.000 za banda, dola 2 za mega, dola 4 za CAN. Ni dola 7 na kidogo, mahali pa dola 60. Sitawadanganya: mechi 4 kati ya hizo nilizisikia, sikuziona. Na ligi za Ulaya za kila wiki nimeziacha karibu zote, nasoma matokeo tu. Kwa mtu anayependa hizo kila Jumamosi na Jumapili, hesabu yake inaweza kuwa tofauti, na pengine abonema inamfaa. Apime naye.

Neno moja kwa wadogo walio bado ku masomo. Kuna michezo ambayo hakuna dekoda inayoionyesha, hata ulipe dola 100: mechi zenu za interfakulte. Zile ziko mbele yenu, mchana, bure, na mnajua jina la kila mchezaji. Wakati nilikuwa na abonema nilikuwa nabaki nyumbani kuangalia timu za mbali, fakulte yetu inacheza na watazamaji kumi. Siku hizi naenda. Kama mmoja wenu yuko na telefone nzuri, arushe mechi moja kwa moja ku ukurasa huu. Mega tutachanga, kama tulivyochanga kwa CAN. Wenzetu walio mbali na Bunia watashukuru.

Na Leopards wakisimama tena mbele ya dunia na kusema juu yetu, safari hii nitakuwa naangalia.