Tembe au Bomba: Utangulizi wa Huduma ya Kuavya Mimba Changa

Utangulizi huu ni wa wauguzi, maafisa wa kliniki, wakunga, na kila anayetaka kuielewa huduma hii. Ninapoandika nawaza mahali kama Mitaboni, huko Kathiani, Kaunti ya Machakos, ambako mama akizidiwa usiku sharti kwanza litafutwe gari la kumfikisha hospitali kubwa. Umbali huo ni sehemu ya somo letu, kama zilivyo dawa na vifaa.

Tuanze na sheria. Kifungu cha 26(4) cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakataza kuavya mimba, isipokuwa pale mtaalamu wa afya aliyehitimu anapoona kuwa matibabu ya dharura yanahitajika, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine inaruhusu. Mwaka 2012 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo kwa wahudumu, ikauondoa 2013. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haikuwa halali kuuondoa. Mhudumu asiyejua sheria humfukuza mgonjwa kwa hofu, na anayefukuzwa huishia kwa mitishamba na vyuma. Utafiti wa kitaifa ulikadiria kwamba mwaka 2012 pekee karibu wanawake 120,000 walitibiwa madhara ya uavyaji usio salama.

Njia salama ni mbili. Ya kwanza ni tembe. Mifepristoni, iliyoidhinishwa Ufaransa mwaka 1988, huzuia kazi ya projesteroni, homoni inayoitunza mimba. Saa 24 hadi 48 baadaye hufuata misoprostoli, dawa iliyobuniwa kwa ajili ya vidonda vya tumbo, ambayo hulainisha mlango wa kizazi na kukifanya kizazi kijibane. Kwa mimba changa, dawa hizi mbili hufaulu kwa zaidi ya wanawake 95 kati ya 100. Tumbo huuma, damu hutoka kwa wingi kuliko ya hedhi, na mara nyingi yote hayo hutokea nyumbani.

Ya pili ni kufyonza kwa bomba la mkono, ambayo hufaa hadi wiki ya 14. Hakuna kukatwa wala kushonwa. Mlango wa kizazi hutiwa ganzi, mrija mwembamba huingizwa, na kwa dakika 5 hadi 10 kazi huwa imekwisha. Kisha mhudumu huosha kilichotoka kwenye chujio na kukikagua kwenye mwanga. Asipoona dalili za mimba, hushuku kuwa imetunga nje ya kizazi, hatari ambayo tembe wala bomba haviitibu. Kukwangua kizazi kwa chuma, ambako bado kunafanywa kwingine, Shirika la Afya Duniani linataka kuachwe.

Ipi bora? Swali hilo halijibiki kabla ya kumjua mwenye mimba. Anayetaka faragha, aliye na mtu wa kukaa naye na njia ya kufika hospitalini, tembe zaweza kumfaa sana. Mwenye upungufu mkubwa wa damu, au anayelala chumba kimoja na watu asiotaka wajue, huenda bomba likamwondolea mashaka siku hiyohiyo. Kila anayepewa tembe aambiwe waziwazi: ukilowesha pedi mbili kwa saa, saa mbili mfululizo, usingoje kupambazuke.

Sura zijazo zitaeleza vipimo, ganzi, usafi wa vifaa na upangaji uzazi baada ya huduma. Zisomeni zote, lakini jifunzeni kwanza kuuliza: mimba ina wiki ngapi, damu yako ikoje, unalala wapi usiku wa leo, nani atakuwa nawe? Majibu ya mwenye mimba ndiyo yanayochagua njia. Kazi yenu ni kuhakikisha kwamba atakayoichagua ataipata mapema, kwa heshima, mikononi mwa mtu anayeijua.