Je, Wajua? Sushi Huliwa kwa Vidole

Mtu wa Kikwe, wilayani Meru, akialikwa kwenye mgahawa wa kifahari wa sushi jijini, asihangaike na vijiti. Tonge la wali lililolazwa kipande cha jodari juu yake huliwa kwa vidole, kama ugali, na hata Wajapani hawaoni ubaya. Aligeuze, achovye upande wa samaki. Wali ukinywa mchuzi wa soya humeguka mkononi.

Neno sushi, kwa kweli, halimaanishi samaki mbichi. Kiini chake ni wali uliotiwa siki, sukari na chumvi, wa mchele wa punje fupi unaoshikana. Mchele wa kuachana, ule tunaoupenda kwenye pilau, haufai.

Na ufahari huu ni wa juzijuzi: karne ya 19 tonge hilo liliuzwa vibandani, mitaani Edo, Tokyo ya leo.