Upinde wa Mtumba, Upote Mpya

Viwanda vya pinde nchini Marekani vina desturi ya kutoa toleo jipya kila mwaka, kama vile viwanda vya simu. Toleo likishatoka, mwindaji mwenye uwezo hulikimbilia, na upinde wake wa mwaka juzi, ambao pengine haujawahi kupata hata mkwaruzo, huingia soko la mitumba kwa bei ya chini sana. Upinde wa daraja la juu ukiwa mpya unapita dola 1,000, na hapo bado hujanunua kifaa cha kulengea, kikalio cha mshale, podo wala mishale yenyewe. Kwa mtu wa mshahara wa kawaida, wakiwemo ndugu zetu waliohamia kule na kukuta majirani wanaingia msituni kila vuli kuwinda kulungu, mtumba ndio mlango wa kuingilia. Nasema Marekani kwa makusudi, kwa sababu sheria hutofautiana: Uingereza na Ujerumani haziruhusu kuwinda kwa upinde, na Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Pale unaporuhusiwa, naona mlango huo wa mtumba ni mzuri na hauna aibu yoyote, ila una sharti moja. Upinde wenyewe unaweza kuwa mtumba. Upote, mishale na vigumba visiwe mtumba. Anayevichanganya vitu hivi ndiye anayekuja kulia, na wakati mwingine anayeumia zaidi ni mnyama.

Ili sharti hilo lieleweke, inabidi kuuangalia upinde wenyewe. Wawindaji wengi wa leo hawatumii tena uta wa mti mmoja uliokunjwa. Mwaka 1966 mtu wa jimbo la Missouri, Holless Wilbur Allen, aliomba hataza ya upinde wenye roda kwenye ncha zake mbili, akaipata mwaka 1969. Roda za leo si duara kamili; umbo lake limepinda kwa hesabu, kiasi kwamba unapovuta, uzito hupanda, hufika kileleni, kisha huporomoka mkono unapokaribia shavu. Upinde wa ratili 60, yaani kama kilo 27, ukiwa na punguzo la asilimia 80, humwachia mwindaji ratili 12 tu za kushikilia wakati anasubiri kulungu ageuke. Kwa hiyo kuna sehemu zinazobeba mzigo pole pole kwa miaka: mpini wa alumini au kaboni, mbawa mbili za faibaglasi, na roda. Na kuna sehemu zinazopokea kishindo kila mshale unapotoka: upote na kamba zinazoziunganisha roda. Zile za kwanza zikitunzwa hudumu miaka mingi. Hizi za pili zinachoka hata zikitunzwa, kwa sababu ni nyuzi, na nyuzi zikivutwa muda mrefu hulegea.

Mgawanyo huu haukuanzia Marekani. Wawindaji wa Kihadza wa bonde la Ziwa Eyasi huchonga pinde zao wenyewe na kusokota upote kwa kano za wanyama. Mwenye upinde wa namna hiyo anajua mti ulikatwa wapi, ulikaushwa vipi, na siku gani upote ulianza kulegea. Mnunuzi wa mtumba anakosa kitu hicho kimoja tu: historia. Karibu kila hatua ya ununuzi mzuri ni jitihada ya kuirudisha historia hiyo kwa macho, kwa vidole na kwa maswali.

Historia mbaya kuliko zote ni ya upinde uliowahi kuachiwa bila mshale. Mshale ndio unaopokea nguvu iliyohifadhiwa kwenye mbawa na kuondoka nayo. Usipokuwepo, nguvu ile hairuki kwenda popote. Hurudi kwenye mbawa, kwenye roda na kwenye ekseli zinazoshika roda kwa kishindo kimoja. Upinde unaweza kupasuka papo hapo, au ukabaki mzima kwa nje huku una ufa usioonekana kwa jicho la haraka. Mwulize muuzaji waziwazi kama jambo hilo limewahi kutokea, kisha usitegemee jibu lake peke yake. Chukua kipande cha pamba kavu, ukipitishe taratibu kwenye kingo za kila ubawa, juu na chini, hasa pale ubawa unapoingia kwenye mpini na pale unapokamata ekseli. Pamba ikinasa na kuacha nyuzi zake, pana kibanzi au ufa, na upinde huo urudishe mezani bila mjadala. Kisha uinue kwenye mwanga, utazame mbawa kwa upande: tabaka zikianza kuachana huonyesha mstari mweupe mwembamba. Hali hiyo huletwa pia na joto, kwa mfano upinde uliosahauliwa ndani ya gari juani wakati wa kiangazi. Tazama roda kutoka nyuma, kama zinasimama wima au zimelala upande mmoja. Pitisha ukucha kwenye mfereji ambamo upote hukaa; jeraha dogo la chuma mahali hapo hukata nyuzi kidogo kidogo kila unapovuta. Mwisho uvute, uushikilie, na uurudishe pole pole. Usiuachie kamwe, la sivyo wewe ndiwe utakayeiandika ile historia mbaya.

Lakini upinde mzima usiokufaa ni hasara kama upinde uliopasuka, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapotekwa na jina la kampuni na bei nzuri. Kila mtu ana urefu wake wa kuvuta. Njia rahisi ya kuukadiria ni kunyoosha mikono yote miwili kama msalaba, kupima kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya pili, kisha kugawa inchi hizo kwa 2.5. Mwenye upana wa inchi 70, sawa na sentimita 178, huvuta kama inchi 28. Upinde usio na roda unaweza kuvutwa kidogo zaidi au kidogo pungufu, lakini upinde wa roda una ukuta: unafika mahali ukasimama, na mahali hapo pamepangwa na roda yenyewe. Baadhi ya roda zina kipande kidogo kinachozungushwa kwa bisibisi ili kubadili urefu. Nyingine zinadai roda nzima ibadilishwe, na kwa upinde wa zamani roda hiyo huenda haitengenezwi tena. Inchi moja ya ziada inatosha kumfanya mvutaji anyooshe kiwiko mpaka upote umkwaruze mkono, aegemee nyuma, na alenge vibaya kila mara huku akidhani kosa ni lake. Mkono pia ni jambo la kuuliza mapema. Upinde wa mtu wa kushoto haugeuzwi ukawa wa kulia, na wauzaji wasiojua hawautaji upande huo katika tangazo.

Uzito wa kuvuta nao una mtego wake. Pinde nyingi hurekebishwa kwa kulegeza skrubu kubwa za mbawa, lakini mara nyingi kwa ratili kumi hivi tu. Upinde wa namna hiyo ulioandikwa 70 hauwezi kushushwa hadi 45 kwa ajili ya mtu anayeanza. Majimbo mengi yameweka uzito wa chini wa kuwindia, na mnunuzi anapaswa kuusoma wa jimbo lake. Juu ya hapo, kipimo cha kweli ni hiki: keti kwenye kiti, elekeza upinde mbele, uvute bila kuuinua angani. Ukilazimika kuuinua, ni mzito kwako, na kwenye baridi ya asubuhi ya Novemba utakuwa mzito zaidi.

Sasa upote. Ushauri wa kawaida wa mafundi ni kuubadilisha pamoja na kamba zake kila baada ya miaka miwili au mitatu, hata kama haujakatika. Nyuzi zikitimka kama nywele zisizochanwa, au ule uzi uliozungushiwa katikati ukiachana na kuonyesha nyuzi za ndani, muda wake umekwisha. Seti mpya hugharimu dola 100 au zaidi, na huwezi kuivalisha kwa mikono nyumbani, maana fundi hutumia mashine inayobana mbawa hadi upote ulegee. Kwa hiyo bei ya upinde wa mtumba si ile iliyoandikwa. Ni ile pamoja na upote, pamoja na fundi. Mnunuzi anayejumlisha hivyo tangu mwanzo ana nguvu ya kupatana bei, kwa sababu hamwombi muuzaji hisani; anamwonyesha nyuzi zilizotimka na gharama yake. Na ikiwa hata baada ya kujumlisha upinde bado ni nafuu kuliko mpya wa daraja la chini, basi umepata kitu bora kwa pesa ileile.

Mishale ni habari nyingine kabisa. Mshale wa kaboni uliowahi kugonga jiwe au mshale mwenzake unaweza kuwa na ufa mwembamba kama unywele, na ukipasuka unapoachiwa, vipande vyake huingia kwenye mkono unaoshika upinde. Wenye mazoea huukunja kidogo kila mshale na kusikiliza kabla ya kuupachika. Ukilia kama ukuni mkavu, huvunjwa na kutupwa. Mishale ya mtu mwingine ina tatizo la pili, nalo ni ugumu. Viwandani ufito hulazwa juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 28, ukaning'inizwa katikati uzani wa ratili 1.94, na ukapimwa umeshuka kiasi gani. Ulioandikwa 400 umeshuka sehemu 400 kati ya elfu za inchi, kama milimita kumi. Mshale ulio laini kupita nguvu ya upinde hupepesuka hewani, na ulio mgumu kupita kiasi nao hauruki vizuri. Mishale iliyokatwa kwa kipimo cha mkono na upinde wa mwenzako si yako, hata akikupa bure. Vigumba navyo hufanya kazi kwa kukata. Mshale hauui kwa kishindo kama risasi, unaua kwa kutoa damu. Kigumba butu humwacha kulungu akikimbia na jeraha hadi afie mahali pasipojulikana. Sioni bei yoyote inayohalalisha hilo.

Kuna wanaosema kwamba upinde wa miaka kumi umepitwa na wakati. Tuchukue mfano wa pinde mbili, mmoja wa zamani uliotangazwa kwa kasi ya futi 320 kwa sekunde na mmoja wa leo wa futi 340. Kwa kulungu aliye mita 18 mbele yako, tofauti ya muda wa mshale kufika ni kama sehemu moja ya mia ya sekunde. Sauti ya upote humfikia mnyama kabla ya mishale yote miwili, naye huanza kujikunyata kabla haujafika. Kwa hiyo ukimya wa upinde una uzito kuliko kasi ya tangazo. Isitoshe, kasi hizo kwa kawaida hupimwa kwa ratili 70, mvuto wa inchi 30 na mshale mwepesi, vipimo ambavyo wengi wetu hatuna.

Hoja nyingine ni nzito zaidi, na inatoka kwa watu wanaoipenda misitu. Sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937 ilielekeza ushuru wa bunduki na risasi katika kuhifadhi wanyamapori, na miaka ya 1970 vifaa vya upinde vikaongezwa. Leo upinde mpya wa kuwindia hutozwa asilimia 11 kiwandani, na fedha hizo hugawiwa majimbo. Mtumba hautozwi, kwa hiyo wanasema mnunuzi wake hachangii. Lakini ushuru wa upinde huo ulikwisha kulipwa ulipotoka kiwandani. Na mnunuzi anayefuata sharti la makala hii analipa tena kupitia mishale mipya anayonunua kila msimu, pamoja na ada ya leseni. Kilichopungua ni idadi ya pinde zinazolala kwenye kabati za watu waliokwisha kununua nyingine.

Wapo pia wanaopenda pinde za zamani za mbao zisizo na roda, kama zile za kampuni ya Fred Bear za miaka ya 1950 na 1960, ambazo bado zinawinda. Hizi uzikague zikiwa zimevalishwa upote: tazama kutoka upande wa upote, nao uwe umepita katikati ya mbawa zote mbili. Ukienda upande, ubawa umepinda, mara nyingi kwa sababu ya mtu aliyeuvalisha upote kwa kuupitisha upinde kati ya miguu. Na upote wake uwe wa dakroni, inayovutika kidogo. Nyuzi za kisasa zisizovutika hupasua ncha ambazo hazikuimarishwa kwa ajili yake.

Nunua mapema, mwezi wa tano au wa sita, kwa sababu upote mpya unahitaji kuzoea kabla haujaaminika. Kisha tundika karatasi kwenye fremu, simama hatua chache mbele yake, na upige mshale upite katikati. Karatasi ikichanika kwa mstari, mshale umepita ukiwa umelala. Sogeza kikalio kidogo sana, upige tena. Endelea hivyo jioni baada ya jioni, hadi karatasi ibaki na tundu moja la duara na mikato mitatu midogo ya manyoya kandokando yake.