Nyongeza ya Mshahara Italipwa na Pesa Zipi?

Mwaka mpya wa fedha wa kaunti huanza Julai 1. Unapokaribia, wafanyakazi wa Kaunti ya Jiji la Nairobi hudai nyongeza, nao wakazi hulalamika kuwa kaunti imejaza watu. Malalamiko hayo yote hukutana penye asilimia 35. Kanuni za fedha za kaunti za mwaka 2015 zinasema mishahara na marupurupu yasizidi kiwango hicho cha mapato yote. Nairobi iliingia kwenye ugatuzi mwaka 2013 ikiwa tayari imelemewa, kwani ilirithi wafanyakazi wa Baraza la Jiji pamoja na madeni yake.

Shida ni kwamba bajeti hupitishwa kwa makadirio. Tuseme jiji linatarajia shilingi bilioni 40 na kutenga bilioni 14 za mishahara. Hiyo ni asilimia 35 kamili, na kwenye karatasi sheria imefuatwa. Kisha ada za maegesho, leseni za biashara na kodi za ardhi zinakusanywa chini ya matarajio, mgao wa serikali kuu nao unachelewa. Mwaka unaisha kwa bilioni 32. Mishahara iko palepale, na sasa imemeza karibu asilimia 44. Zile bilioni 8 zilizokosekana zitakatwa kwenye dawa za zahanati, mitaro na taa za barabarani, au zitabaki kuwa deni la mkandarasi aliyekwisha kumaliza kazi. Nairobi inadaiwa na wakandarasi na wauzaji kiasi kikubwa kuliko kaunti nyingine yoyote nchini.

Kwa hiyo nyongeza inayoahidiwa kwa kutegemea mapato ya kukisia ni ahadi mbaya, hata kwa mfanyakazi mwenyewe. Ndiye atakayesubiri mshahara uliochelewa.

Hata pesa zikiwepo, namna ya kuzigawa ina uzito. Asilimia 10 humwongezea mfagiaji wa shilingi 20,000 shilingi 2,000 tu. Mkurugenzi wa 200,000 huondoka na 20,000. Kuongeza kiasi kimoja kwa wote kungemfaa zaidi anayeamka alfajiri kufagia, na ningependa vyama vya wafanyakazi vilisimamie jambo hilo kwa nguvu.

Kupunguza watu nako kuna gharama. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inadai notisi ya mwezi mmoja na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka wa utumishi. Kaunti isiyo na akiba huikwepa njia hiyo. Husimamisha ajira mpya na kuwaacha wazee wastaafu. Inaonekana ni upole, lakini hapo anayeamua ni umri, mahitaji ya wananchi hayaulizwi. Muuguzi anastaafu, na foleni ya kina mama kwenye kituo cha afya inabaki na muuguzi mmoja, ilhali ofisi yenye makarani wengi kuliko meza haiguswi. Mimi naona huo ni upunguzaji mbaya kuliko ule wa wazi, kwa sababu hakuna anayeutetea wala anayeulizwa.

Makadirio ya bajeti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na sheria inataka wananchi washirikishwe. Nenda kwenye kikao cha wadi yako, uulize: mwaka jana kaunti ilikusanya shilingi ngapi hasa, na ni nafasi zipi zimeachwa wazi?