Ofisi ya vijana wabunifu, mama anayenyonyesha akae wapi?

Dar es Salaam. Ofisi nyingi za vijana wanaotengeneza matangazo, video na programu za simu, kuanzia Sinza hadi Mikocheni, zina mpangilio unaofanana: ukumbi mmoja wa wazi, meza ndefu za pamoja, kuta za vioo, rangi zinazong'aa na kona ya kupumzikia yenye friji ya soda.

Mpangilio huo unavutia, lakini kasoro yake huonekana siku mfanyakazi anaporudi kutoka likizo ya uzazi. Hakuna hata kona moja ambayo watu hawakuoni. Mama anabaki na mawili: akamulie maziwa chooni, au aache.

Hesabu ya miezi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku 84 ni wiki 12 tu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo. Kwa hiyo, zaidi ya nusu ya muda huo mama yuko kazini.

Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri amruhusu mama kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Kwa anayeishi Mbagala na kufanya kazi Mikocheni, saa hizo zinaweza kuishia kwenye foleni. Njia iliyobaki ni kukamua ofisini na kurudi na maziwa nyumbani.

Asipokamua, titi hujaa na kuuma, na linaweza kupata uvimbe unaoleta homa. Mwili nao hupunguza kutengeneza maziwa, kwa kuwa hutengeneza kadiri yanavyotoka.

Nafasi ndogo inatosha

Wabunifu wanajua kutumia nafasi. Pale Nafasi Art Space, Mikocheni, kituo kilichoanzishwa mwaka 2008, wasanii wanafanya kazi ndani ya makontena yaliyogeuzwa studio. Chumba cha mama hakihitaji hata ukubwa wa kontena. Mita mbili kwa mbili zinatosha kwa vitu hivi:

• Mlango wenye komeo la ndani, na ukuta usio wa kioo.
• Kiti chenye mgongo na meza ndogo. Mafundi wa Keko, Temeke, wanavitengeneza kwa vipimo unavyotaka.
• Soketi ya pampu na feni.
• Sinki la kunawia mikono lililo karibu.
• Rafu moja safi ndani ya friji ileile ya soda.

Rafu hiyo ni muhimu kwa joto la Dar es Salaam. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa hadi saa nne kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, na hadi siku nne yakiwa ndani ya friji. Wakati wa kurudi nyumbani, yabebwe kwenye mfuko unaotunza baridi, wenye barafu.

Semeni mapema

Kama kampuni yenu inahamia jengo jipya, ombeni chumba hicho wakati ramani bado iko mezani. Kukitenga kabla fundi hajaanza ni rahisi kuliko kuvunja ukuta baadaye. Akina baba nao waseme, kwani anayesubiri maziwa hayo nyumbani ni mtoto wao pia.