Kati ya Alimuoa na Alimuua

Herufi moja tu. Katika ukurasa uliokuwa karibu kwenda mitamboni, bwana harusi "alimuua" mchumba wake. Alichofanya ni kumuoa. Habari hiyo niliisoma mara tatu nisione kitu. Mzee wetu wa prufu aliidaka, na tangu siku hiyo najiuliza macho yangu yalikuwa wapi.

Nikatoboa tundu katikati ya gazeti, nikamwomba mzee alisome akiwa amelisimamisha, nami nikachungulia kwa nyuma. Nilidhani mboni zitateleza kufuata mstari. La! Ziliruka, zikatua, zikaruka tena, kama shore matawini. Mara zikarudi nyuma kidogo, kama mtu aliyesahau kitu njiani. Mstari ulipokwisha zilijitupa kushoto kwa mruko mmoja mrefu, zikaanza upya.

Mzee hakushangaa. Ananiita mwanangu, na ananikanya nisisome prufu, niitazame. Anayesoma, kwa maelezo yake, hukimbilia maana, na akili humjazia herufi zisizokuwepo. Ndiyo maana yeye hufunika mistari ya chini kwa rula, na akifika kwenye kitenzi hukivunja kwa midomo: a-li-mu-o-a. Majina na tarakimu huyarudia akianzia chini ya ukurasa kwenda juu, ili habari isimchukue.

Sayansi inamuunga mkono. Jicho hutua kama robo ya sekunde, na likiwa katika mruko haliambulii kitu. Msomaji wa Kiingereza huruka herufi saba hadi tisa hivi, na vijineno vingi huvipita bila kutua kabisa. Akitua, hunyakua herufi zipatazo 15 upande wa kulia, kushoto tatu au nne tu. Kwa wasomaji wa Kiebrania, kinachoandikwa kutoka kulia, upande huo hugeuka. Utafiti wa 1981 ulilionyesha hilo kwa watu wale wale waliosoma lugha zote mbili. Nikawawazia wazee wa Lamu waliosoma tenzi kwa herufi za Kiarabu, kisha barua za serikali kwa Kilatini.

Lakini Kiingereza hutawanya maneno. Sisi hufungasha sentensi nzima ndani ya kitenzi kimoja. Kwenye "hawakutusahau", jicho hutua wapi? Mzee anasema yeye huangalia katikati kwanza, penye kiambishi cha mtendwa, maana huko makosa hupenda kujificha. Na yule asiyetafuta kosa, anayesoma gazeti lake tu ndani ya daladala?