Haki ya rufaa ifike Mohoro

Hapana mwananchi mwema anayetetea bidhaa bandia. Mkulima wa Mohoro anayenunua dawa ya mikorosho, kisha akakuta mfukoni mna unga usioua hata mdudu mmoja, hakupoteza bei ya mfuko ule tu. Amepoteza msimu mzima. Kwa hiyo tunapozungumza leo juu ya haki za mtu anayetuhumiwa kuuza bidhaa bandia, tusieleweke kwamba tunawaonea huruma wadanganyifu. Tangu chuoni tulifundishwa kisa cha Mtume aliyetia mkono katika lundo la nafaka sokoni, akakuta chini ni mbichi, akamkemea mwenye mali. Lakini kisa hicho kina jambo ambalo wengi hulipita haraka: mwenye nafaka aliulizwa kwanza, akajibu, ndipo akahukumiwa.

Nchi yetu imewahi kulisahau jambo hilo, na hatuna sababu ya kuficha. Mwaka 1983, katika vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi, ilitungwa sheria iliyounda Baraza maalum. Mshtakiwa mbele ya Baraza hilo hakuruhusiwa kuwa na wakili, wala hakuwa na mahakama ya kukatia rufaa. Nia ilikuwa njema, kwani bidhaa zilifichwa na wananchi walikosa sabuni na sukari. Hata hivyo, ilionekana mapema kwamba haki haiwezi kutendeka kwa njia ile. Sheria ya 1984 ilirudisha mashauri hayo mahakamani, na mwaka huo huo Katiba iliingiziwa haki za binadamu. Ibara ya 13(6)(a) inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Wazee wa Mohoro wanaielewa ibara hiyo pengine kuliko wanasheria. Ni hapa hapa ambapo Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale tarehe 4 Agosti 1905, wala hapakuwa na mahakama ya juu ya kukimbilia.

Sasa tuchukue mfano wa mwenye duka mdogo. Amenunua betri au vipuri kwa mfanyabiashara wa jumla Kariakoo, akavuka Daraja la Mkapa na mzigo wake, akaupanga dukani. Wateja wanarudi wakilalamika kwamba mali si halisi. Yeye anamdai muuzaji wa jumla fedha zake; muuzaji anakana, anasema mali yake ilikuwa safi. Shauri linafunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Asiyeridhika ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya, kisha siku 30 nyingine za kwenda Mahakama Kuu. Akishindwa hapo na kutaka kwenda Mahakama ya Rufani, mlango haufunguki wenyewe. Sharti Mahakama Kuu impe hati ya kuthibitisha kwamba iko hoja ya kisheria inayostahili kuamuliwa na majaji wa Rufani.

Hapa ndipo penye jambo la kutazamwa. Kwa miaka mingi hata aliyeanzia shauri lake la madai Mahakama Kuu alilazimika, mara nyingi, kuomba ruhusa kabla ya kukata rufaa. Katika shauri moja la maombi la mwaka 2004, lililolihusu Shirika la Utangazaji la Uingereza, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba ruhusa haitolewi hivi hivi tu: sharti pawe na jambo lenye umuhimu kwa umma, au hoja mpya ya sheria, au rufaa yenye mashiko. Sharti hilo la ruhusa liliondolewa na marekebisho ya sheria yaliyoanza kutumika tarehe 1 Desemba 2023. Kampuni kubwa inayogombea alama yake ya biashara Mahakama Kuu imepunguziwa mzigo. Mwenye duka aliyeanzia Mahakama ya Mwanzo bado anahitaji hati yake.

Wako watakaosema kwamba huyu amekwisha sikilizwa mara tatu, na mashauri lazima yawe na mwisho. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatudai hati ifutwe. Tunachodai ni kwamba asiyekuwa na wakili aelezwe hati hiyo ni kitu gani. Akiandika kwamba betri zilikuwa bandia, hilo ni suala la ukweli wa mambo, na ombi lake litatupwa. Akiuliza ni nani mwenye wajibu wa kuthibitisha ubandia, aliyeuza au aliyenunua, hapo ameuliza suala la sheria. Mtu anaweza kuwa na hoja nzuri na akaipoteza kwa kutojua kuiuliza! Tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama. Basi kila hukumu iambatane na karatasi moja ya Kiswahili chepesi, ikitaja siku zilizobaki, mahali pa kwenda, na kinachotakiwa kuandikwa.

Siku hizo zenyewe ni kikwazo. Aprili 2024 maji ya mto Rufiji yalipoingia vijijini, Mohoro ikiwemo, watu walikuwa wakiokoa watoto na magodoro. Sheria inaruhusu kuomba kuongezewa muda, lakini mahakama hutaka sababu ya kila siku iliyochelewa. Tunaamini mafuriko ni sababu ya kutosha, na afisa mtendaji asisite kumwandikia mwananchi barua ya kuthibitisha.

Lipo jambo moja zaidi, nalo ni zito kupita yote. Mali inapokamatwa kwa tuhuma ya kuwa na alama ya kughushi, kazi ambayo iko chini ya Tume ya Ushindani kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, wananchi huona moshi wa kuteketezwa kwake na kufurahi. Lakini bandia si sawa na hafifu. Bidhaa inaweza kuwa na alama ya wizi na ikafanya kazi; nyingine ina alama halali na haifai kitu, na hiyo ni kazi ya Shirika la Viwango. Ili kujua ipi ni ipi, sharti mali yenyewe ionekane. Ikiwa imekwisha kuwa majivu, majaji watatazama nini?

Tunapendekeza mali inayobishaniwa isiteketezwe mpaka muda wa rufaa upite. Ikibidi iteketezwe mapema kwa kuwa ni hatari, basi sampuli zifungwe kwa lakiri mbele ya mwenye mali na mashahidi wawili wa kijiji, naye apewe stakabadhi yenye hesabu ya kila katoni.